Uzinduzi wa Maabara ya Kupima Brusela, Misiera

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, Afande mwakilishi wa kambi ya jeshi, wachungaji wa makanisa yote, wafanyabiashara wa Misiera, ndugu zetu wakulima mliotoka Kivu Kusini, wenyeji wa Ngarama, na mimi mwenyewe, Arthur, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Maabara: kila mwenye cheo ajihesabu ametajwa! (Makofi ya mstari wa mbele.)

Leo tunazindua maabara ya kisasa itakayopima brusela, homa ile ya maziwa mabichi, kwa mfumo jumuishi wa antijeni na kingamwili, ambao kwa lugha ya mwananchi maana yake ni kwamba damu yako ina askari wanaomkumbuka mdudu aliyekuingia, na maji ya damu hiyo yakichanganywa na dawa yenye alama za mdudu huyo, askari huzikamata alama, wakashikamana nazo, na chembechembe zikaonekana kwa macho. Na kwa jinsi mlivyoshikamana nami juani tangu asubuhi, mimi matokeo yangu ni chanya kwa asilimia mia moja na nne! (Kicheko. Mama mmoja anasimama, mtoto mgongoni.)

“Mukubwa, miye ni Anne, wa hapa Misiera. Huyu Divine wangu anawaka moto, na viungo vinamuuma. Docteur alisema apimwe hiyo brusela. Mumupime kwanza, maneno mutamaliza nyuma!”

Mama yangu, hoja yako imepokelewa na itapelekwa katika kamati ndogo ya mastekiholda, yaani wadau, kwa sababu kitaalamu hatuwezi kumpima mgonjwa kabla ya kupima utayari wa mgonjwa kupimwa. (Sauti: “Mashine iko fasi gani?”) Mashine ipo katika hatua ya dhana, ndugu yangu, na dhana hiyo tunaitunza mahali pa baridi! (Miguno.)

“Basi utupeleke Mbarara na gari yako,” anasema Anne. “Kule banapima.”

Gari lile, mama, limetengwa kwa kazi za maabara tu.

“Sasa huyu mtoto si kazi ya maabara?” anauliza Afande. (Vigelegele.)

Tusitoke nje ya ajenda! Semeni nami: Maabara oyee! (Umati: “Gari!”) Kingamwili juu! (Umati: “Gari!”)

Kwa kumalizia, namshukuru mwenye kiwanja hiki, ambaye bado hajakubali kukiuza. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutawaandikia mara tutakapowafahamu. Nawashukuru wataalamu wa maabara, ambao watazaliwa kutokana na juhudi zetu. (Injini ya gari inanguruma.) Na kwa namna ya pekee namshukuru dereva wangu Nasani, mtumishi mtiifu asiyefanya lolote bila idhini yangu, ambaye — Nasani! Huyo mama na mtoto wamekalia kiti changu! Nasani! Mimi nitafika kwangu Biharwe na nini?

(Makofi marefu.)