Kigae cha Felisia na Kuhama kwa Mpaka wa Zhanxi

Enyi mlioketi juu ya marobota, sogeeni mpishe wengine, msikie habari ya Felisia wa Njombe, mshika chaki wa zamani, mnunuzi wa magauni, siku alipohamisha mpaka wa mataifa katika ghala la Zhanxi, mtaa wa masoko ya nguo mjini Guangzhou.

Ghala lilikuwa moja, wapangaji wanne, na laoban mwenye ghala alilikata mafungu manne kwa utepe wa njano uliobandikwa sakafuni. Kila mwezi walibadilishana nafasi, na mwezi huo Felisia alikuwa nyuma kabisa. Kati yake na mlango ulitanda utawala wa Gitau, simba wa Nairobi, na ngome yake ya mikoba iliyoshonwa katika mji wa Shiling. Njia iliyobaki ilikuwa ya vigae vitatu. Toroli lilitaka vinne. Nje, kontena lingefungwa saa nne asubuhi, na magauni ya Krismasi yakilikosa yangefika Njombe Januari, na Januari nani ananunua gauni? Tusidanganyane, Felisia aliogopa.

“Ewe Gitau, kaka yangu,” akanena, “zamani Marekani ilipotawaliwa na Mwingereza, palikuwa na wilaya ya Augusta, huko Virginia, kubwa hata wakazi wa pembe za mbali walisafiri siku nyingi kufika mahakamani. Mpaka ukahamishwa, ikazaliwa wilaya ya Botetourt. Nami mlango huo ndio mahakama yangu. Naomba kigae kimoja.”

“Mwalimu,” akajibu Gitau kutoka juu ya ngome, “huo mpaka niliukuta na nitauacha hapo. Nikikupa kigae leo, kesho utaitisha kaunti nzima.”

“Na mwezi ujao, zamu ya kukaa nyuma ni ya nani?”

Zamu hiyo ilikuwa ya Gitau mwenyewe.

Basi akashuka, akaisukuma mikoba. Felisia akapiga magoti, akaubandua utepe kwa kucha, kucha ikavunjika, hakurudi nyuma, akaubandika kigae kimoja ng'ambo. Toroli likapita likikwaruza huku na huku, na magauni yakaingia kontenani yakiwa ya mwisho kabisa.

Gitau akaugusa utepe mpya kwa ncha ya kiatu. “Na hao wa Botetourt, waliridhika?”

“Haikupita miaka mitatu, ikakatwa tena.”

Gitau akaanza kuvihesabu vigae vyake.

Na iandikwe: siku hiyo, bila damu ila ya kucha moja, Njombe ilitwaa kigae kizima cha Guangzhou, na Krismasi ikafika Desemba.