Nyaya Lazima Zilale

Mtu akiinamia spika yake na kuitegea sikio kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa, huyo tayari anaumwa. Anachokosa ni daktari. Injinia alikuwa anapita zake uchochoroni, mkoba wa ngozi bandia kwapani, alipomwona mzee mmoja kupitia mlango ulioachwa wazi. Shati limenyooshwa pasi, miwani imeshuka puani, kapiga magoti mbele ya kiredio cha bei poa chenye spika mbili za plastiki. Injinia akasimama. Moyo ulimdunda kwa furaha, na akajirekebisha kola.

Tuelewane mapema, tusije tukalaumiana. Injinia hakusomea uinjinia. Hakuna chuo kilichowahi kumfukuza, kwa sababu hakuna kilichowahi kumpokea. Jina alijipa mwenyewe, na mtaa ukamkubalia kwa uvivu wa kubishana. Kazi yake ilikuwa kuuza nyaya za spika. Alinunua waya wa kawaida, ule wa kufungia balbu, akaupitisha ndani ya kamba nyeusi ya nailoni iliyo wazi katikati, ncha akazipaka rangi ya kucha ya dhahabu, kisha kwa kalamu nyeupe akachora mshale. Biashara yote ilikuwa kwenye huo mshale. Akikueleza kwamba sauti hufuata mshale, na kwamba waya ukifungwa kinyume sauti hurudi ndani ya redio na kuichosha, basi unaona aibu kwa miaka yote uliyoishi na nyaya zisizojua ziendako.

Nyumbani kwake hakutumia hata waya mmoja wa namna hiyo. Alikuwa na redio ya marehemu mjomba wake, aliyemlea: amplifaya nzito ya chuma na spika mbili za mbao zilizomfika kiunoni. Mjomba alipiga muziki kwenye kumbi za watu maisha yake yote, na siku zake za mwisho akamwambia, uza vyote, hii usiuze. Injinia akauza vyote, mpaka kitanda alichofia mjomba. Redio hakuigusa. Alishalala njaa mbele yake, tumbo likiunguruma na spika zikiimba. Na aliifunga kwa waya wa balbu, mtupu, usio na mshale. Humo chumbani mwake, huo ndio uliokuwa ukweli pekee.

"Shikamoo, mjomba," akasema mlangoni. Kila mteja mzee kwake alikuwa mjomba. Neno hilo hufungua milango kuliko ufunguo.

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu ndani," mzee akajibu, kama aliyekuwa anamngoja.

Alijitambulisha kuwa karani mstaafu wa mahakama. Masikio yake, alisema, yamesikiliza uongo wa watu mpaka yakachoka, na sasa yanataka muziki tu. Ila kiredio hiki kinaimba kama kimefungiwa kabatini. Injinia akatikisa kichwa kwa huruma. Akapapasa nyaya nyembamba zilizokuja na redio, akaguna, akauliza kama mjomba amekuwa akilala vizuri. Kisha akafungua mkoba.

Mambo yalikwenda yanavyokwenda siku zote. Aliweka wimbo na nyaya za zamani, akafunga zake, akarudia wimbo ule ule, na kidole chake kidogo kikapandisha sauti kidogo tu, kwa adabu. Mzee akafumba macho. Akasema sasa anamsikia mpaka mpiga ngoma akivuta pumzi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya: akachukua ncha ya waya uliobaki, akainusa.

"Zinanukia vizuri," akasema.

"Ni dhahabu, mjomba."

"Sikujua dhahabu inanukia."

"Ikiwa safi, inanukia."

Mzee akaafiki. Injinia akampa masharti, yale anayowapa wote. Nyaya lazima zilale. Zinahitaji usiku mzima zikiwa zimefungwa, ili zizoeane na redio, na mtu asilale nazo chumba kimoja, maana pumzi ya binadamu ina unyevu. Zisiguswe wala zisilalamikiwe mpaka zimelala. Masharti hayo yalimpa Injinia nafasi ya kubadilisha mtaa kwa heshima. Mzee alirudia polepole kama mwanafunzi: "Nyaya lazima zilale." Kisha akalipa bei yote bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Mnunuzi asiyeomba kupunguziwa ni wa kuogopwa, wahenga walisahau kulisema hilo, na Injinia hakuwa na muda wa kuliwaza kwa sababu alikuwa anahesabu.

Haikupita wiki, Karani akamtokea sokoni. Injinia alikuwa ameshaanza kupima kama anaweza kuruka meza ya muuza nyanya, lakini mzee hakuja na malalamiko. Alikuja na huzuni. Nyaya ni nzuri mno, alisema, na tatizo ndilo hilo: zimekiumbua kiredio chake. Ni kama kumvisha mwizi wa kuku koti la bwana harusi. Na Jumapili mchana wastaafu wenzake wanakuja kwake kusikiliza, watu wazima wenye akiba, kila mmoja na kiredio chake cha aina hiyo hiyo, kila mmoja na kiu ya nyaya. Watasikia nini pale? Watacheka tu na kuondoka.

"Laiti kungekuwa na redio ya maana," akasema, akashusha pumzi. Kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Zingatia hapo. Hakuomba kitu. Mjanja mbaya huomba. Mjanja mzuri huzungumzia mvua.

Injinia akawaona wastaafu wamekaa safu, mikono mifukoni, mifuko imejaa. "Mimi ninayo, mjomba," akasikia mdomo wake ukisema. Mzee akakataa. Redio ya mtu ni siri ya nyumba yake, hawezi kumsumbua mpwa wake namna hiyo. Injinia akasisitiza. Mzee akakataa tena, kwa upole zaidi. Ikabidi Injinia abembeleze, naam, abembeleze, mpaka mzee akakubali shingo upande.

Jumamosi akakodi mkokoteni, ili waijaribu kabla ya wageni. Alitembea ubavuni mwake njia nzima, mkono juu ya spika, akiusihi kila utelezi na kila shimo. Mvuta mkokoteni, mtu wa maneno machache, alipoona vile akamshauri kwamba kitu kinachoshikwa hivyo hakipelekwi kwa watu. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Injinia lilikuwa tayari linasikia noti zikihesabiwa.

Karani alipokea vitu kwa mikono miwili. Alipoona waya wa balbu nyuma ya amplifaya akauinua hadi kwenye miwani. "Na huu?"

"Wa kusafiria, mjomba."

"Kumbe," akasema mzee. Akaukunja vizuri, akautia mfukoni, wakafunga nyaya zenye mshale, wakaweka wimbo mmoja wa zamani ambao Injinia alisema marehemu mjomba wake aliupenda.

Sasa hapa sitatia chumvi. Redio ile iliimba. Ilikijaza chumba mpaka vikombe vikatetema rafuni, na yule mzee akavua miwani, akafuta macho, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Injinia naye alimkumbuka mjomba akiwa mzima, amesimama nyuma ya redio hii, taulo shingoni. Wimbo mzima ulikwisha bila mmoja wao kudanganya.

"Mwenye kitu hiki alikuwa mtu," Karani akasema mwishowe.

"Alikuwa mtu, mjomba."

Jioni ilipoingia Injinia akaanza kukunja mikono ya shati. Akasema anairudisha nyumbani, kesho asubuhi ataileta tena. Mzee akamtazama kwa mshangao wa mtu mwema.

"Mpwa wangu, si ulisema nyaya lazima zilale?"

Injinia akasema basi atalala hapo hapo, sakafuni, hana neno. Mzee akasikitika: na unyevu je? Yeye mwenyewe, kwa ajili ya masharti hayo hayo, anakwenda kulala kwa dada yake. Au pengine, aliuliza taratibu, masharti yale hayakuwa ya kweli?

Huo ndio mtego, na kamba aliisuka mwenyewe. Akisema ni ya kweli, anaiacha redio. Akisema si ya kweli, anapoteza wastaafu wote na huenda akaitiwa polisi. Alisimama pale akiogopa, naye alijua anaogopa, na bado akasema, "Ya kweli, mjomba." Akapapasa spika moja, kisha nyingine, akaondoka. Usiku ule hakula.

Jumapili alifika na shati jeupe na mkoba uliovimba kwa nyaya. Mlango ulikuwa wazi kama siku ya kwanza. Ndani hamkuwa na mzee, wala kitanda, wala vikombe. Sakafuni, kwenye vumbi, palibaki alama mbili za mraba ambapo spika zilikuwa zimesimama. Na ukutani, kwenye msumari, zilining'inia nyaya zake zenye mshale, zimekunjwa vizuri. Waya wa balbu ulikuwa umeondoka na redio yake.

Injinia akaelewa yote kwa pamoja, mpaka ile harufu ya dhahabu.

"Wewe ndiye yule mpwa?" Alikuwa mama mwenye nyumba, kasimama nyuma yake na beseni la nguo mbichi. "Kasema utakuja kufagia. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Injinia akauliza karani amekwenda wapi.

"Karani yupi? Unamsema daktari wa meno?" Kaondoka alfajiri na mkokoteni, akaeleza, na kaaga kwa heshima sana. Hata kile kiredio alichoazimwa na mama huyo kamrudishia, kimefutwa vumbi.

Injinia akachukua ufagio, kwa kukosa kingine cha kushika. Alitaka kulia, na hakulia kwa sababu tu mama yule alikuwa anamtazama. Mama akaweka beseni chini, akazitoa nyaya msumarini, akazipima kwa mikono.

"Hizi ni za nini?"

Maneno yote yalikuwepo, yamepangana ulimini: dhahabu, sauti, usingizi. Injinia akatazama zile alama mbili kwenye vumbi.

"Ni waya wa kawaida, mama."

"Unafaa kuanikia nguo?"

"Unafaa."

Mama akatoka nao uani. Injinia akafagia, akizizunguka zile alama, akashindwa kuzifuta. Huko nje mama akaita, "Na huu mshale? Niufunge kuelekea wapi?"

"Kokote, mama," Injinia akasema. "Nguo zitakauka tu."