Siku Shangazi Mkataji Alipomhukumu Mfalme kwa Kidole Gumba

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama, enyi wenye sindano mdomoni na wenye chai mkononi; na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana habari inayokuja haipendi kukatizwa. Si habari ya majeshi yaliyovuka milima wala ya ngome zilizoporomoka. Hii ni kubwa zaidi. Ni habari ya kidole gumba kimoja cha mkono wa kulia, cha mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na ya kitufe kimoja kisichozidi punje ya mahindi, na jinsi viwili hivyo vilivyokutana siku ya Jumatano, saa saba na dakika arobaini za mchana, ndani ya karakana ya kushonea sare za shule.

Mwanamke huyo ni Shangazi. Karakana nzima ilimwita hivyo, hata mpiga pasi aliyemzidi umri kwa miaka miwili. Yeye ndiye Mkataji, bingwa wa meza ndefu, mwenye mkasi usiokosa mstari, aliyekata suruali maelfu kwa maelfu na hakuna mguu uliowahi kuwa mfupi kuliko mwenzake. Karakana yenyewe ilikuwa ya kaka yake. Kaka alipofariki, miezi mitano nyuma, ilimwangukia mwanawe, kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo; kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea, na siku za karibuni kwa kumwonea huruma.

Kwa maana kijana alikuwa ameleta maafa. Wiki moja kabla, Shangazi akiwa nyumbani na homa, aliikabili peke yake ile meza ndefu akakata mikono ya mashati mia moja na ishirini. Alikata kwa ustadi, kingo zimenyooka kama mstari wa rula. Ila vitambaa vyote alivitandaza uso juu, na karatasi ya kukatia hakuigeuza hata mara moja, basi ikazaliwa mikono mia mbili na arobaini, yote ya kushoto. Shule nzima ingeweza kuvaa mkono wa kushoto, na wa kulia ukabaki uchi. Naye badala ya kusema, akaishindilia kwenye magunia, akayasukuma chini ya meza, na kwa siku tatu akawa anawaambia washonaji kwamba mikono iko njiani. Jumatano asubuhi Shangazi alijikwaa kwenye gunia.

Maneno yaliyomtoka hayahitaji kurudiwa yote. Mengine hata cherehani ziliyaonea haya. Inatosha kujua kwamba mbele ya watu wote alimwambia mwana wa kaka yake kuwa Ijumaa amkabidhi funguo, maana karakana ya marehemu haiwezi kuzama kwa ajili ya mtoto mmoja. Kijana aliokota mkono mmoja wa shati, akaukunja mara nne, akautia mfukoni, akatoka nje.

Ikafika saa saba, saa ya chakula, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Yapasa ijulikane kwamba Mpiga Pasi, jitu la mabega mapana na sauti ya ngoma, alikuwa na mchezo wa video. Alikuwa ameuunganisha na televisheni ya karakana, na kwa wiki saba kila mchana wafanyakazi sita walikula wakiutazama kama watu wengine wanavyotazama mpira. Ulikuwa mchezo wa falme na mazimwi, na ndani yake mlikuwa na mfalme wa miaka kumi na sita. Alipokuwa na miaka kumi, pembe ya vita ililia, na mbele ya macho yake baba yake aliungua langoni kwa moto wa zimwi. Tangu hapo, pembe ikilia, mtoto huganda. Wakamvika taji hivyo hivyo. Pembe ikalia tena. Wakulima wakakimbilia lango la mji wakiomba kufunguliwa. Mfalme akaulizwa mara tatu, tufungue au tusifungue, naye akaliangalia lango tu, kinywa wazi, hadi zimwi likawafikia. Mia tatu wakafa. Baadaye akadanganya kwamba hakusikia pembe.

Jumatano ile mchezo ulifika ukingoni. Mchezaji huendesha shujaa mmoja, Mlinzi wa Kiti, na sasa Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya mfalme aliyepiga magoti, na kioo cha televisheni kikaonyesha maandishi mawili ambayo Mpiga Pasi aliyasoma kwa sauti: Mvue taji. Mwachie taji.

Karakana ikapasuka katikati. Mpiga Pasi alisimama juu ya kiti chake na kuhutubia: mia tatu wamekufa, nao walikuwa na baba zao pia, nani anawalilia? Kuumia si leseni ya kuumiza. Washonaji wawili wakamuunga mkono kwa vijiko. Ndipo akainuka Mama Vifungo, mwanamke mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vifungo na kufungua midomo, akasema kwamba mtoto aliyeona baba yake anaungua hakuhitaji taji, alihitaji kulala na kuamka bila kuulizwa kitu, na aliyemkalisha kwenye kiti kile ndiye wa kuhukumiwa. Washonaji wawili waliobaki wakapiga meza. Wali ukaruka. Kifungo cha kaki kiliruka pia, hakikupatikana hadi leo. Wakapiga kura: tatu kwa tatu.

Kila mtu alijua walichokuwa wakibishania, na hakuna aliyekitaja. Maana Bosi Mdogo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, bega moja kwenye fremu.

"Shangazi aamue," Mama Vifungo alisema.

Shangazi hakuwahi kuushika mchezo ule. Aliuita upuuzi wa watu wazima. Lakini kwa wiki saba alikuwa akila mgongo wake ukiwa umeelekea televisheni na shingo yake ikiwa imeelekea televisheni vilevile, jambo ambalo mifupa ya kawaida haiwezi. Aliweka sahani chini. Akafuta mikono. Akaipokea rimoti ya mchezo kwa viganja viwili kama apokeaye mtoto mchanga wa mtu asiyempenda.

Akasema, kabla ya kubonyeza chochote, kwamba hukumu yake ni nyepesi. Kushindwa amesamehe wengi. Hata yeye, mwaka wake wa kwanza, alishona zipu nyuma ya suruali ya kiume. Lakini huyu alidanganya. "Kosa unaweza kulifumua," alisema. "Uongo umeshonwa kwa ndani. Angesema tu."

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ndogo, bila hasira.

"Angemwambia nani, Shangazi?"

Shangazi hakugeuka. Alikitazama kioo, mtoto wa taji na magoti yake, na yule Mlinzi mwenye deraya ya chuma akiwa amesimama juu yake. Alitazama kwa muda mrefu, kama atazamavyo kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Kisha akamuuliza Mpiga Pasi, "Huyu ninayemwendesha mimi, pembe ilipolia alikuwa wapi?"

Mpiga Pasi akakuna shingo. Akakiri kwamba Mlinzi alikuwa palepale ukumbini. Shangazi akauliza alifanya nini. Mpiga Pasi akasema kwamba mchezo ulimpa nafasi ya kuchagua: kumshika mfalme mkono, au kumkaripia.

"Ukachagua nini?"

"Nilimkaripia."

"Na kabla ya hapo?"

Jitu la mabega mapana likatazama viatu vyake. Kwa wiki saba, kila alipopewa nafasi ya kuzungumza na mtoto yule, alikuwa amebonyeza karipio, kwa sababu karipio lilikuwa na sauti nzuri ya mwangwi.

Wakati huo huo, kioo, ambacho hakijui heshima wala ukimya, kikaanza kuhesabu. Sekunde sitini zikatokea pembeni, nyekundu, zikipungua. Asipochagua, taji lingevuliwa lenyewe.

Hapo, enyi wasikilizaji, tuwaombee nguvu wote waliowahi kusimama peke yao mbele ya mashine. Shangazi alibonyeza, na Mlinzi wa Kiti akaruka juu. Akabonyeza tena, Mlinzi akachomoa tufaha akalila lote mbele ya mfalme anayelia. Mpiga Pasi akanguruma kwamba ni kitufe cha chini. Mama Vifungo akasema cha kulia. Shangazi akabonyeza vyote viwili, na Mlinzi akageuka, akatembea kwa heshima kubwa hadi ukutani, akaendelea kutembea palepale kama mbuzi aliyefungwa. Sekunde thelathini na tano. Akarudishwa, akampita mfalme, akatumbukia kwenye bwawa la samaki la ikulu. Washonaji wote wanne walikuwa wamesimama juu ya viti, na waliotaka taji livuliwe sasa walikuwa wakipiga kelele kwamba aogelee kushoto. Mlinzi akatoka bwawani akiwa ametota, akalikaribia tena lile taji, na maandishi mawili yakang'aa.

Sekunde kumi na mbili. Kidole gumba kikashuka, kikateleza. Maana Shangazi alikuwa bado amekivalisha subana, kile kikofia cha chuma cha mshonaji ambacho hukivua usiku tu, na chuma juu ya plastiki ni sawa na sabuni juu ya vigae. Akajaribu tena, kikateleza. Sekunde saba. Akaing'ata subana kwa meno, akaivuta, akaitema. Ikalia kwenye sakafu ikabingirika chini ya cherehani. Na kidole gumba, kitupu kwa mara ya kwanza mchana ule, cheupe na chenye makunyanzi, kikainuliwa hewani.

"Lakini nyie sikilizeni," Shangazi alisema kwa haraka, bila kutoa macho kwenye kioo. "Wale mia tatu nawalilia. Hilo halifutiki. Ila huyu hakuachiwa mtu wa kusimama naye, na aliyepaswa kusimama ni mimi."

Sekunde mbili. Akabonyeza.

Mwachie taji.

Hakukuwa na fataki. Mfalme alijifuta uso kwa mkono wa joho, akainuka, akawa mfupi kuliko walivyomdhania. Akasema jambo moja, na Mpiga Pasi akalisoma kwa sauti iliyokwaruza: "Pembe ikilia tena, kaa karibu yangu."

Karakana ikalipuka. Walioshindwa hukumu walishangilia kuliko walioshinda. Mpiga Pasi alimbeba Mama Vifungo, adui yake wa dakika tano, akamzungusha hadi kijiko chake kikaruka dirishani. Na katikati ya ghasia ile Shangazi alipita, rimoti bado mkononi na waya ukimfuata, ukaisha, ukachomoka, hadi mlangoni.

Bosi Mdogo alimweleza hapohapo, kwa maneno machache. Baba yake alianguka kwenye ile meza, mkasi mkononi, na yeye alikuwa ameshika upande wa pili wa kitambaa. Siku ya kukata mikono hakuwa ameitazama meza hata mara moja. Alikata akitazama ukuta, mkono ukifuata kingo za karatasi kwa kupapasa.

Shangazi alijua kwamba kaka yake alifia kazini. Hakuwahi kuuliza nani alikuwa ameshika upande wa pili. Miezi mitano, na hakuuliza.

Alimshika kijana mkono, ule wa kulia, uliokosewa kiasi kile. Akamwambia kwamba lililoharibika limeharibika, na kijana mwenyewe ndiye atakayempigia simu mwenye shule, leo, kumwambia ukweli na kuomba wiki moja. Hiyo ni kazi ya mwenye karakana, naye Shangazi hatamsaidia kuongea. "Lakini nitakuwa nimesimama pembeni," alisema. "Na kitambaa, upande wa pili nashika mimi."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa tunakata kola."

Basi na ijulikane kwa vizazi vya washonaji na watoto wa washonaji: saa nane kamili cherehani zilinguruma kwa pamoja kama wapanda farasi mia, na kwenye meza ndefu wawili walikuwa wamesimama, mmoja kila upande, wakikata mikono mia moja na ishirini ya kulia. Mara mbili kijana aliganda, na mara mbili hakuna aliyesema neno. Kitambaa kilisubiri, Shangazi akasubiri, mkasi ukaendelea. Nyuma yao Mama Vifungo alichukua chaki ya kukatia akaandika ukutani, kwa herufi ndefu kuliko mkono wake, tarehe na saa, na chini yake: HAPA SHANGAZI ALIBONYEZA. Shangazi, ambaye hajawahi kuruhusu hata alama ya kidole kwenye ukuta ule, aliyasoma maandishi kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwambia kwamba herufi ya Z ya kwanza imepinda, na ainyooshe.