Ruzuku ya Bomba na Rangi ya Kijani

Jumatatu, 6 Mei
Redio imesema! Baraza la jiji linafikiria kutoa ruzuku kwa wenye nyumba ambao mabomba yao ya maji taka yamepasuka. Kura Ijumaa. Kabla ya hapo wakaguzi watapita kuchagua nyumba kumi tu mtaani kwetu. Niliruka nusura nigonge taa! Choo chetu kimegoma tangu mwezi uliopita, na mama mkwe, na goti lake bovu, anajikongoja kwenda cha jirani mara nne kwa siku. Mke wangu kaapa: wiki hii ikiisha hivi, anamchukua mama yake wanahamia kwa dada yake. Nimemwambia atulie, mumewe ni mhandisi. (Chuo sikumaliza. Wala sikuanza. Lakini mtaa mzima unaniita Mhandisi.)

Jumanne, 7 Mei
Fomu nimejaza. Tatizo ni Fundi Cherehani, huyo huyo jirani mwenye choo. Bomba lake linavuja uani, ana kidimbwi cha haja, bata angeogelea! Mimi sina hata unyevu wa kuonyesha. Nimemwambia diwani bomba langu ni bovu kuliko yote mjini. Akacheka mpaka akakaa. Akanikumbusha nilivyomwapia kwamba nimelitandaza kwa mikono yangu na litadumu miaka hamsini. Kinywa changu hiki!

Jumatano, 8 Mei
Nimepata akili! Karani wa baraza kanitobolea siri: wakaguzi wanamwaga rangi ya kijani chooni, kisha wanaisubiri kwenye chemba ya maji taka barabarani. Isipofika, bomba limekufa, umepita. Basi isifike! Kabatini kulikuwa na koti langu la arusi, chakula cha nondo. Nikafunua chemba ya uani, nikalisokomeza bombani kwa mpini wa fagio. Halipiti hata tone. Nimeoga mara tatu.

Alhamisi, 9 Mei
Mkaguzi ni mama mmoja mwenye buti za mpira, hacheki. Kamwaga chupa nzima. Tukasimama barabarani. Dakika kumi, kimya. Ishirini, kimya! Nilishaanza kupokea pongezi. Mara ukelele kutoka bafuni kwangu. Mama mkwe alikuwa anaosha miguu, maji ya kijani yakampanda kutoka sakafuni hadi magotini. Akatoka kama kinyonga, akaniuliza mbele ya watu: baba, nimekukosea nini?

Mkaguzi akaingiza kamera yenye waya mrefu. Kwenye kioo vikaja vifungo. Ikaja kola. Mke wangu akasema taratibu kwamba koti hilo analijua. Fundi Cherehani, juu ya ukuta, akasema yeye analijua zaidi, ndiye aliyelishona, na kwapa alilitia mishono miwili.

Wakalivuta. Kamera ikaendelea. Bomba langu limepasuka kweli, sehemu tatu, mizizi ndani! Mkaguzi akasema angeniandika namba moja bila kufikiri. Lakini anayechezea bomba anakwenda mwisho wa foleni.

Ijumaa, 10 Mei
Ruzuku imepitishwa. Fundi Cherehani yumo. Mke wangu kafunga mabegi mawili. Nikampigia mama mkwe magoti, nikamwomba radhi, nikambeba mgongoni hadi chooni kwa jirani. Mara tano leo. Mama ana uzito wake, lakini ningembeba hadi mwisho wa jiji, ni mama yangu. Safari ya tano akacheka, akasema tangu azaliwe hakuwahi kumiliki farasi, haondoki. Mke wangu kafungua begi moja.

Jumamosi, 11 Mei
Furaha haina mfano! Jumatatu wanachimba kwa Fundi Cherehani. Nimekwenda kupima: bomba lake jipya litapita hatua mbili kutoka ukutani kwangu. Hatua mbili! Nimejitolea kusimamia kazi, bure, kama jirani mwema. Akienda kununua vitambaa tu, nachomeka la kwangu. Mama apate choo, begi la pili lifunguliwe, mgongo upumzike. Nani atajua? Karani nimeshamchimba: ile rangi ya kijani imewaishia kabisa.

Wamebaki na nyekundu tu.