Hapana ya Kwanza Si Hapana

Jumatatu, 14 Oktoba. Khumjung.

Safari ya milimani imeanza. Magoti ya Mjomba Pasang, mkuu wetu wa msafara, yamegoma. Anasema hii ndiyo yake ya mwisho. Bi Margriet, Mholanzi anayeleta kundi la watalii kila mwaka, atachagua mkuu mpya kabla hatujateremka. Ni mimi au shemeji Nawang, aliyemwoa dada yangu. Mkuu habebi mzigo. Mkuu hunywa chai kabla ya wote. Nimezaliwa kwa kazi hiyo. Mke wangu Yangji kanionya: nikirudi bila cheo nikalale zizini na yaki, ng'ombe wetu wa milimani, wana manyoya, watanifunika.

Kabla ya kuondoka Shangazi Doma alinimiminia pombe ya shayiri. Nikakataa. Akasukuma kikombe. Nikakataa. Akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna tamu zaidi. Nikanywa. Ndivyo afanyavyo mtu aliyelelewa. Anayepokea mara ya kwanza ni mbwa. Kisha akamgeukia Bwana Wouter, mmoja wa wageni, mrefu kama mlingoti wa bendera za sala. Akasema hapana. Shangazi akasukuma. Jamaa akagugumia yote, akatoka mbio hadi uani, kikombe kitupu kakikumbatia asimiminiwe tena. Maskini. Sijui walimlea wapi.

Jumatano, 16 Oktoba. Dole.

Baridi ya kuuma meno. Baada ya viazi Bi Margriet alitoa chokoleti. Akaanza na mimi. Nikasema asante, nimeshiba. Akapita! Nikajua anazunguka, atarudi. Hakurudi. Nawang naye alikataa, naye akarukwa. Chokoleti yote ikaishia kwa Wouter, ambaye hakusita hata kidogo.

Nawang alininong'oneza kwa uchungu kwamba hawa watu hawarudii, shemeji, ukisema hapana wanaamini. Nikamwambia aache ushamba. Ni hewa nyembamba ya huku juu tu. Inamsahaulisha mama wa watu.

Ijumaa, 18 Oktoba. Machhermo.

Leo nilikuwa na mpango safi. Alfajiri nilimfungua yaki wa Nawang, yule mwenye pembe moja iliyopinda, akiwa tayari kapakiwa mzigo, nikamficha nyuma ya ukuta wa mawe. Nia: wote wahangaike, kisha mimi nimpate, nionekane mtu wa kutegemewa.

Yaki hakuusoma mpango. Nilipoenda "kumpata" nilikuta kinyesi tu, bado kina moto. Kumbe alikwishapanda mlima, na mgongoni alikuwa na suruali ya Wouter iliyoanikwa juu ya mzigo. Wouter akatembea asubuhi nzima na suruali ya kulalia, ya waridi, yenye picha za bata. Wapagazi wa msafara mwingine walisimama kumpisha kwa heshima, wakidhani ni mtu wa dini.

Aliyempata ni Nawang. Alipiga mluzi, akaonyesha chumvi kiganjani, mnyama akashuka mwenyewe. Bi Margriet akamtolea glavu zake za sufu. Na hapa ndipo furaha yangu ilipo: Nawang alizinyakua kabla mkono wa mama haujanyooka. Mara ya kwanza! Mbele za watu! Mjomba Pasang akatazama pembeni kwa aibu. Mimi nikampiga Nawang begani, nikamwambia endelea hivyo hivyo, shemeji.

Amejimaliza. Nani atamkabidhi msafara mtu mwenye tamaa?

Jumapili, 20 Oktoba. Gokyo.

Ziwa la buluu, theluji juu, wageni wanapiga picha hadi vidole vinaganda. Wouter alilia alipoiona milima. Nikamwambia ipo kila siku.

Jioni tulikusanyika kwenye jiko linalowashwa kwa mavi makavu ya yaki. Bi Margriet akasimama, akasema kwa Kinepali chake cha kuvunjika kwamba amefikiri sana, na anayemtaka ni mimi. Ni mimi! Kwa sababu nachekesha watu njiani. Je, nitakubali?

Moyo ulinipiga ngoma. Lakini sikusahau malezi. Chokoleti ni chokoleti. Cheo ni cheo, kinahitaji adabu kamili. Nikainamisha kichwa. Nikasema hapana mama, mimi ni nani, miguu yangu mibaya, kichwa changu chepesi, hata njia naisahau. Sauti niliitetemesha kidogo. Hapana ya pili nilikuwa nayo tayari mdomoni, nzuri kuliko ya kwanza.

Bi Margriet alinishika mkono. Alisema anauheshimu sana ukweli wangu. Akamgeukia Nawang.

Nawang alisema ndiyo kabla hajaulizwa.

Mjomba Pasang chai ilimpalia. Alipopata pumzi aliniambia, "Mwanangu, ungesema miguu tu. Njia uliitaja ya nini?"

Jumatano, 23 Oktoba. Khumjung.

Nimerudi na mzigo wa Nawang juu ya wangu. Mkuu habebi.

Lakini mambo hayajaharibika. Leo wakati wa kuagana Bi Margriet alinitolea koti lake la manyoya ya bata, zito, jipya. Nikakataa, safari hii kwa mikono yote miwili, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili aelewe. Akatabasamu, akalikunja, akaondoka nalo hadi nyumba ya wageni. Dalili njema. Ameuliza mara moja tu. Kesho asubuhi atapita hapa kuelekea uwanja wa ndege, nami nitakaa ukutani bila koti, mahali pa kuonekana. Atauliza la koti, na la cheo humo humo.

Yangji nimemweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniwekea bakuli la mchuzi wa viazi, akasema kula. Nikasema sina njaa.

Kabeba bakuli, kaenda nalo jikoni. Nasikia kijiko kinagonga.

Anapasha moto. Atarudi.