Ubao Huu Si wa Kukodi

5 Agosti, Jumatatu

Ubao wangu wa umeme, ule wa kuteleza majini, umekohoa. Katikati ya ziwa Balaton, na mteja, daktari wa meno wa Kijerumani, amesimama juu yake! Kwanza nilidhani anakohoa yeye. Wapi. Injini. Kho, kho, kimya, kisha daktari majini na miwani yake. Nimekwenda kumwopoa kwa boti ya pedali ya Jenő, ile yenye shingo ya bata. Jenő ni jirani yangu wa gati, ananikejeli tangu darasa la pili. Leo kasema kumbe umeme nao huokolewa na miguu.

Jioni nimesoma waranti kwa mara ya kwanza. Karatasi zilikuwa chini ya mguu wa friji, isiyumbe. Mwenye kuutumia ubao yeye na familia yake: miaka miwili. Mwenye kuukodisha: miezi mitatu. Niliununua Aprili. Shule niliiacha mapema, lakini hesabu hii nimeipata.

Nikapiga simu karakana ya mjini Székesfehérvár. Kapokea fundi Kinga, sauti ya asali. Akaniuliza kama huwa naukodisha. Mimi? Nikamwambia, mwanangu, huu ni wa mzee anayenyoosha mifupa. Akasema sawa mzee, atakuja Ijumaa ya wiki ijayo, ila kuhusu huko kukohoa... Nikakata simu. Mtego naunusa toka mbali.

Ubao lazima upone. Baraza la mji limetangaza kuwa gati litakalokutwa halina chombo kinachotembea tarehe ishirini, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, linakwenda kwa jirani. Jirani ni Jenő. Afadhali nimpe figo.

7 Agosti, Jumatano

Wazo! Limenijia hata soksi sijavaa. Kukodisha ni marufuku, kuuza chakula si marufuku. Kwa hiyo sikodishi. Nauza lángos, mikate yetu ya kukaangwa kwa mafuta. Mke wangu Etelka atazikaanga pale gatini, kubwa kama sinia, na kitunguu saumu, malai na jibini ya kukuna. Bei: forinti elfu kumi na mbili. Mnunuzi anakuwa rafiki yangu. Na rafiki akiniomba ubao nusu saa, nitamnyima? Mimi ni mtu au jiwe?

Etelka akaniuliza kama najua lángos ni forinti ngapi kwingine. Nikasema najua, elfu mbili na mia tano, lakini kwingine hawana moyo wangu. Akasema moyo si tatizo, tatizo liko juu ya shingo.

Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: UBAO HUU SI WA KUKODI. Hakimu gani atakibishia?

Ubao bado unakohoa. Ukipigwa kofi unanyamaza. Kama mimi utotoni.

10 Agosti, Jumamosi

Foleni! Mpaka kwenye vyoo vya ufuo! Ila kuna kijana wa Budapest hakununua kitu, akapiga picha ya bei, akaitupa mtandaoni, na kufikia saa nane nchi nzima inanijua. Lángos ghali kuliko zote Balaton! Kila kiangazi watu wetu hulia juu ya bei ya lángos. Mwaka huu wamepata pa kulilia.

Mwalimu mstaafu amepanda treni kutoka Siófok kuja kunitukana ana kwa ana. Kaniita mnyonyaji, kaniita aibu ya taifa, kaniuliza mama yangu alinizaa kwa mkopo. Mwanamke hodari! Akaishia kununua moja ili awe na ushahidi. Akapanda ubao. Akanunua ya pili. Mara ya nne alikuwa anapiga vigelegele kama msichana. Ameniachia busu shavuni na bado ananichukia.

12 Agosti, Jumatatu

Jenő ni nyoka. Amesimama leo kwenye ncha ya gati lake akapaza sauti ufuo mzima usikie. Jamani, hebu tazameni pipa la taka la jirani yangu Vendel, limeshiba kuliko wateja wake! Lángos gani hiyo hailiwi hata na kunguru? Akamalizia kuwa fundi akija na kuliona hilo pipa, waranti itaogelea.

Nimetazama. Kweli. Watu wanalipa, wanaitupa, wanarukia ubao. Ushahidi mtupu! Nimekosa usingizi wa mchana.

Dawa imepatikana kabla ya chai. Amri mpya: hakuna kupanda ubao bila lángos mkononi, na iliwe humo humo majini, mbele ya macho ya watu. Nani ataita huo ukodishaji? Hao ni walaji waliopitiwa na maji. Etelka akauliza jibini ikidondoka. Nikamwambia samaki nao wana haki.

Jenő alikuwa anatazama, mdomo wazi. Raha iliyoje!

15 Agosti, Alhamisi

Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa padri Tihamér akaja na kanzu yake, kasikia habari za ubao, akanunua lángos bila hata kuomba apunguziwe. Akaondoka kama malaika, kanzu inapepea, mkono mmoja unabariki ufuo, wa pili una lángos. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe, ambaye kanisani naenda kusalimia tu, nilivua kofia.

Kisha ubao ukatoa sauti sijawahi kuisikia. Ghrrrr. Moshi mdogo, harufu ya kitunguu saumu. Padri akazama na kofia yake. Siku ya kupalizwa mbinguni, yeye kashuka.

Nimeupiga makofi ubao mpaka kiganja kimevimba. Haukohoi tena. Haufanyi lolote. Kesho Kinga! Siogopi. Sijakodisha.

16 Agosti, Ijumaa

Kinga kaja na begi lake la spana. Akatazama kibao, akatazama foleni, akatazama bei. Akasema picha ya bei yangu waliibandika ukutani karakanani. Nikamweleza kwa utulivu: mimi ni muuza lángos, ubao ni wa familia, marafiki huazima. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mzee, katika kazi hii nimedanganywa na wengi, lakini wewe umepika. Na akaandika: matumizi binafsi! Nilitaka kumbusu. Nilimwonyesha Jenő ngumi kwa mbali.

Kisha akafungua injini.

Jibini. Jibini imezunguka mhimili kama soksi, imeyeyuka, imeganda, na kipande cha unga kimeziba mdomo wa kuvutia maji. Akasoma waranti kwa sauti: mchanga, magugu, kitu chochote kigeni kikiingia, haihusiki. Si kwa mwenye kukodisha wala kwa mwenye familia.

Akaniambia na lile nililomkatia simu. Kukohoa kulikuwa kosa la kiwanda, mpira wa kuzuia maji. Wanaubadilisha bure kwa wote. Wakodishaji pia. Alitaka tu kuniambia nisiuwashe.

Nilimpa lángos aende nayo. Bei ya kawaida.

20 Agosti, Jumanne

Mtakatifu Stefano. Karani wa baraza kaja kukagua magati. Nililala kifudifudi juu ya ubao nikapiga maji kwa mikono, nikitabasamu kana kwamba umeme unafanya kazi. Karani akamuuliza Jenő kama huku ni kutembea au ni kufa maji. Jenő akasema mpe dakika tano utajua.

Gati limekwenda. Usiku fataki zilipopasuka Jenő kaniletea divai na soda, kasema naweza kukaa gatini kwake nikitaka, bure, ila nisiguse kitu. Nimeinywa yote. Sijamshukuru.

21 Agosti, Jumatano

Usaliti! Etelka kahamishia karai lake gati la Jenő. Lángos elfu mbili na mia tano, foleni mpaka kituo cha treni. Kasema mtu akiionja bila kulazimishwa, anairudia.

Basi! Nitafungua yangu upande wa pili wa njia. Nimekwenda Keszthely nimenunua kikaangio cha umeme, kipya, kinang'aa. Muuzaji akaniuliza ni cha nyumbani au cha biashara, maana cha nyumbani kina waranti ya miaka mitatu, na kikifanyiwa biashara hakina hata siku moja.

Nikamtazama machoni. Nyumbani, mwanangu. Mimi, bibi yangu, na wajukuu.

Kibao kipya kimeshakauka. Kuanzia kesho, anayetaka lángos sharti aniite babu kwanza.