Karatasi Nyekundu kwenye Mkono wa Binti Yangu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mizani na Vipimo,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mizani zako zote zikiwa zimetulia. Sisi hatujambo, isipokuwa mkono mmoja. Mimi ni mama wa yule msichana anayeuza vitambaa duka la kona, yule mrefu mwenye tabasamu. Shule niliishia darasa la tano, lakini hesabu nilikuwa naiweza, na haya ninayoandika nimeyahesabu mara mbili.

Jumatatu mkaguzi wenu, kijana, aliingia dukani na mita ya chuma. Akamkuta binti yangu anapima kama bibi yake alivyomfundisha: kiwiko mpaka ncha ya kidole ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Pima inatakiwa iwe wari mbili. Ya binti yangu ilikuwa wari mbili na shibiri nzima. Tajiri wa duka, ambaye mwaka mzima alikuwa akishangaa majora yanaisha kabla ya wakati, akapata jibu lake hapo hapo. Akasema binti asiguse kitambaa mpaka ofisi yenu imwandikie ruhusa. Isipofika kabla ya Ijumaa, nafasi anampa mpwa wake. Mheshimiwa, hii ndiyo kazi ya kwanza ya mwanangu, na anaipenda. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

1. Karatasi nyekundu. Kanuni zenu zinasema kifaa kibovu kibandikwe karatasi yenye neno KISITUMIKE. Kijana wenu ni mtiifu. Kwenye fomu, penye "Kifaa", akaandika "mkono wa kulia", kisha akaibandika karatasi kwenye shati la binti, juu kidogo ya kiwiko. Tangu siku hiyo haoshi vyombo. Nikimwambia ashike ufagio ananijibu, "Mama, unataka nifungwe?" Baba yake naye ameiga, anasema mgongo wake unasubiri ukaguzi.

2. Kuitwa kibovu. Mkono huo nimeutengeneza mimi, miezi tisa, bila fundi msaidizi. Chuma chenu kimetoka kiwandani na wenzake elfu, hata hawajuani. Halafu dhambi ninayoijua mimi ni kupunja. Huyu alizidisha. Hakuna mteja aliyelalamika hata mmoja. Walikuwa wanapanga foleni kwake na kumpita mwenzake bila salamu. Kuna mama alinunua kitambaa cha gauni akapata na cha foronya.

3. Namba nne mmeidharau. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Vibaba vinne ndiyo pishi, mikono minne ndiyo pima, robo nne ndiyo kitu kizima, na kitanda chenye matendegu matatu hulali, unajishikilia. Sasa binti huyu ni mtoto wangu wa nne. Wale watatu ni wazuri, siwasemi, lakini walikuwa vibaba; alipokuja yeye pishi ikajaa, nikaacha kuzaa. Mtoto wa nne akipima mikono minne, nani tena wa kumsahihisha? Hata mkaguzi wenu aliupima mkono ule mara nne, wakati mara moja ingetosha. Mimi si mtoto mdogo, hayo naelewa.

4. Kwa hiyo naomba msiishie kwenye ruhusa. Mkono wake uwe kipimo cha nchi. Nasikia mna kabati la kioo lenye kilo ya mfano. Tengenezeni mkono wa plasta uwekwe pembeni yake, na mwenyewe atakuja kila Jumanne mlinganishe, mradi mumrudishe kabla ya chakula cha mchana. Faida haina mwisho. Kipimo kikirefuka, njia zinafupika, kwa hiyo sokoni kutakuwa karibu bila kujenga barabara. Na kiuno changu, ambacho daktari anakipigia kelele, kitapungua siku moja tu, bila mimi kuacha kikombe cha pili cha chai.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa mlangoni, wanao wote, na mkaguzi yule, ambaye kwa kweli amelelewa vizuri. Kama hajaoa, si vibaya nikijua.

Ni mimi niliye na uchungu na mkono,

Mama wa Mtoto wa Nne

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilikwenda duka la ng'ambo ya barabara kununua kitambaa cha pazia. Muuzaji wa huko ni mama mfupi, mcheshi, na yeye pia anapima kwa mkono. Akahesabu minne kwa sauti, nikamshukuru. Nimefika nyumbani, pazia limeishia katikati ya dirisha, na jirani ameniona ninavyofunga kanga. Mheshimiwa, mtume mkaguzi leo hii na ile mita ya chuma. Tukimwacha kila mtu apime kwa alichozaliwa nacho, nchi nzima itatembea uchi. Habari ya kabati la kioo ifuteni. Binti nimemwazimia mita ya fundi nguo, na tangu asubuhi amepima mlango, meza, kitanda, na baba yake, ambaye kumbe ni mfupi kuliko alivyoniambia tulipooana. Hajakosea hata unene wa ukucha. Ruhusa mwandikieni ya mita, na ifike kabla ya Ijumaa.